Safari ya Kwanza Korea Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa ndugu, marafiki na vijana ambao huniuliza wakishakata tiketi, au wakiwa bado wanawaza. Wengi wameijua Korea kwa tamthilia zilizotiwa sauti ya Kiswahili, wengine kwa muziki, wachache wana mtoto anayesoma huko na wanakwenda kumtembelea. Wote huwa nawaambia hivi kwanza: Korea ni nchi ya adabu, na mtu aliyelelewa kwa shikamoo anafika na mtaji ambao wageni wengi hawana. Majibu yote yaliyo hapa nimeyaandika nikimfikiria mtu huyo.

Je, nahitaji viza?

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza kabla ya kuondoka. Ya matembezi ya muda mfupi iko katika kundi la C-3. Korea Kusini ina ubalozi Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Kigali na Kinshasa, na walioko Oman wana ubalozi Muscat. Andaa barua ya mwajiri au uthibitisho wa biashara yako, taarifa za benki za miezi kadhaa, mahali utakapolala na ratiba. Ratiba hiyo iandike kwa ukweli. Mtu aliyeandika kwamba siku ya tatu atakwenda Gyeongju kuona makaburi ya wafalme wa Silla, ufalme wa kale wa Korea, anaeleweka kuliko aliyeandika “kutalii” siku kumi mfululizo. Usilipie tiketi isiyorudishiwa pesa kabla viza haijatoka.

Mliochukua uraia wa nchi za Ulaya, Marekani au Kanada kwa kawaida mnaingia bila viza kwa matembezi mafupi, ila tazameni kama mnatakiwa kuomba kibali cha mtandaoni kinachoitwa K-ETA, kwa sababu masharti yake hubadilika. Siku hizi kuna pia kadi ya kuwasili inayojazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure. Ukiona tovuti inadai malipo ya kadi hiyo, ondoka.

Nisibebe nini?

Nyama. Hapa ndipo watu wetu hunaswa, maana mama mtu hawezi kumwacha mwanawe aondoke bila kumfungia kitu. Nyama kavu, soseji na mishikaki ya kukaushwa haviruhusiwi, na faini yake ni kubwa. Maembe na matunda mengine mabichi nayo yaache nyumbani. Dawa zenye kodeini au tramadoli zina sheria kali, hata kama umeandikiwa na daktari wako, kwa hiyo uliza ubalozi mapema na usisafiri na vidonge usivyovijua vilivyotiwa kwenye bahasha. Bangi ni kosa zito kabisa.

Beba adapta. Soketi za Korea ni za matundu mawili ya mviringo, volti 220, na plagi zetu za miguu mitatu ya bapa haziingii. Beba pia mafuta unayopaka nywele na ngozi. Korea ina maduka ya vipodozi kila kona, lakini vilivyotengenezwa kwa nywele zetu ni vya kutafuta kwa tochi.

Niende msimu gani?

Mwisho wa Machi hadi katikati ya Aprili maua ya mcheri huchanua, na kuanzia katikati ya Oktoba hadi mapema Novemba majani hugeuka mekundu na manjano. Kwangu mimi vuli ndiyo bora: hewa kavu, anga safi, na unatembea kutwa bila kuchoka. Mwisho wa Juni na Julai ni masika yao, yanaitwa jangma, na Agosti ina joto la unyevunyevu ambalo mtu wa Tanga au Mombasa atalitambua. Januari Seoul hushuka hadi nyuzi kumi chini ya sifuri na hata zaidi. Sweta la Arusha au Limuru halitoshi, nunua koti zito hukohuko.

Angalia tarehe za sikukuu mbili kubwa, Seollal ambayo ni mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, na Chuseok ya mwezi wa nane wa kalenda hiyo. Siku hizo watu hurudi kwao kijijini kama Wachaga wanavyorudi Kilimanjaro wakati wa Krismasi. Treni hujaa wiki kadhaa kabla na maduka mengi ya familia hufungwa, ingawa makasri ya kifalme kwa kawaida hufunguliwa bila kiingilio.

Tofauti ya saa ni ngapi?

Korea iko saa sita mbele ya Afrika Mashariki. Hapo pana jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Ukiwa Seoul, itazame saa ya ukutani ilivyo. Ikionyesha namba 3 alasiri kwa hesabu yao, nyumbani ni saa tatu asubuhi. Ikionyesha 6 jioni, nyumbani ni saa sita mchana. Namba uionayo ukutani Seoul ndiyo hiyohiyo tunayoitamka kwa Kiswahili nyumbani, kwa hiyo hutaamsha mtu usiku wa manane kwa kukosea hesabu. Katika ukurasa huu saa zote nimezitaja kwa Kiswahili.

Nikitua Incheon nafikaje mjini, na ndani ya nchi nasafirije?

Safari nyingi za kutoka kwetu huunganishwa Addis Ababa, Dubai au Doha. Kutoka uwanja wa Incheon panda treni ya AREX hadi Seoul Station. Ile isiyosimama njiani huchukua chini ya saa moja, na ile inayosimama kila kituo ni bei nafuu na haikawii sana. Kabla hujatoka uwanjani nunua kadi ya T-money kwenye duka dogo lolote lililo wazi saa 24. Unaiongezea pesa taslimu na kuigusisha unapopanda basi au treni ya chini ya ardhi, hata ukiwa Busan. Ukiwa kwenye basi igusishe tena unaposhuka, kwa sababu ukiunganisha gari jingine ndani ya nusu saa hutozwi nauli nzima upya. Nauli ya kuanzia ya treni za mjini Seoul ni kama won 1,500, na treni hizo hulala karibu na saa 6 usiku.

Kwenye mabehewa kuna viti vya pembeni vya wazee na walemavu, na vya rangi ya waridi vya wajawazito. Usivikalie hata kama behewa lina nafasi. Zungumza kwa sauti ya chini, na usiingie kwenye basi la Seoul na kikombe cha kahawa, dereva atakukataza.

Google Maps haikuongozi vizuri kule, hasa ukitembea kwa miguu. Pakua Naver Map au KakaoMap kabla ya kuondoka, na Papago kwa tafsiri.

Safari ndefu ni ya KTX, treni ya kasi iliyoanza mwaka 2004, inayokufikisha Busan kutoka Seoul kwa takriban saa mbili na nusu. Kama umeshapanda mchongoko wa SGR kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, umeshaonja: mchongoko ule umetengenezwa Korea na Hyundai Rotem, kampuni iliyotengeneza pia KTX-Sancheon.

Nibebe pesa gani?

Dola safi, noti kubwa zisizo na mikunjo. Shilingi zetu hazibadilishwi kule, na pesa za simu za nyumbani hazikusaidii dukani. Wabadilishaji wa mtaa wa Myeongdong hutoa bei nzuri kuliko uwanjani. Miaka ya karibuni dola moja imekuwa ikizunguka kati ya won 1,300 na 1,500. Kadi za Visa na Mastercard zinakubalika karibu kila mahali, ila mama anayeuza hotteok, kile chapati kinene chenye sukari ndani, anapenda taslimu. Chakula cha kawaida cha mtu mmoja ni kati ya won 9,000 na 12,000. Usiache bakshishi. Haipo katika desturi yao, na mhudumu anaweza kukukimbilia barabarani akidhani umesahau chenji.

Nisalimie vipi?

Sema “annyeonghaseyo” huku ukiinamisha kichwa na mabega kidogo. Shukrani ni “gamsahamnida”. Usimkimbilie mzee kwa mkono. Ngoja aanze yeye, na akikupa mkono, pokea kwa wako wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko au kifundo chako. Wengi wetu tumefundishwa hivyo tangu utotoni. Kitu chochote, iwe pesa, pasipoti, zawadi au kikombe, hupewa na kupokewa kwa mikono miwili.

Utaulizwa umri wako mapema, pengine dakika ya pili ya mazungumzo. Usichukie. Kikorea hakiwezi kusemwa vizuri bila kujua nani mkubwa, kwa maana vitenzi vyenyewe hubadilika mwisho kulingana na unayezungumza naye. Sisi tuna shikamoo na marahaba, wao wameipanua heshima hiyo hadi kwenye kila sentensi. Watu hawaitani kwa majina matupu pia. Mwanamume humwita kaka yake mkubwa “hyung”, mwanamke humwita “oppa”. Dada mkubwa ni “nuna” kwa mwanamume na “eonni” kwa mwanamke. Haya si lazima yawe ya damu moja, kama tunavyomwita kaka mtu tuliyekutana naye kwenye daladala.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni “imo”. Maana yake ni ndugu wa kike wa mama, yaani mama mdogo, na ndivyo watu wanavyomwita mama anayewahudumia kwenye mkahawa mdogo. Aliyezoea kula kwa mama lishe haelezwi zaidi. Neno la kumwita mwanamke wa makamo, “ajumma”, liache kwanza. Baadhi huliona kama wameambiwa wamezeeka.

Na mtu akikuuliza “bap meogeosseoyo?”, yaani umeshakula wali, mara nyingi anakujulia hali tu. Jibu kwamba umekula, mshukuru, endelea na safari.

Mezani kuna miiko gani?

Mkubwa ndiye anayeanza. Hata ukiwa na njaa ya safari, subiri mzee ashike kijiko. Wali na supu huliwa kwa kijiko, vitoweo kwa vijiti vya chuma, ambavyo ni vyembamba na vinateleza kuliko vile vya mbao vya Wachina. Jizoeze nyumbani na maharage. Ukishindwa omba uma, hakuna atakayekucheka. Ila usivichomeke vijiti wima kwenye bakuli la wali, kwa sababu hivyo hufanana na matambiko ya marehemu. Usimiminie glasi yako mwenyewe, mmiminie mwenzako, naye atakumiminia. Kijana akinywa mbele ya mzee hugeuza uso pembeni. Usiyekunywa pombe sema mapema kwa upole, omba soda au maji, na uendelee kuwamiminia wenzako kwa mikono miwili kama dini yako inakuruhusu. Kinachopimwa pale ni moyo wa kushiriki.

Visahani vidogo vinavyoletwa kabla ya chakula vinaitwa banchan. Ni bure, na vikiisha huongezwa. Kula vya katikati kidogokidogo bila kuvirundika kwako. Kabla ya kula sema “jal meokkesseumnida”, ambayo ni kama kusema nitakula vizuri, kumshukuru aliyepika.

Ukiwa peke yako, baadhi ya sehemu za kuchoma nyama hazitakupokea, maana jiko la mezani na sahani zake ni za watu wawili kwenda juu. Usione umetengwa. Tafuta bibimbap, yaani wali wa kuchanganywa na mboga, au supu, au gimbap, wali uliofungwa kwa mwani.

Kwa wanaoogopa kwamba hawataweza chakula chao: mzoea uji ataipenda hobakjuk, uji wa boga, mlaini na mtamu kiasi. Samgyetang ni kuku mdogo aliyejazwa mchele na kuchemshwa na mizizi ya ginseng, nao humla siku za joto kali kabisa wakiamini joto hutibiwa kwa joto. Nenda soko la Gwangjang, Seoul, lililopo tangu 1905, ukae kwenye benchi mbele ya mwanamke anayekaanga bindaetteok za choroko zilizosagwa, usikie mafuta yanavyolia. Usile na kuondoka mbio. Kaa.

Halafu kuna mwani. Wanawake wa Paje na Jambiani wanaulima kwa jasho, unakaushwa, unasafirishwa, na ni wachache Unguja wanaoula. Korea wanaula kutwa, ingawa aina zake ni nyingine: wanafungia wali, wanachemshia supu. Supu ya mwani, miyeokguk, hupewa mzazi aliyejifungua, na kila mtu huinywa siku yake ya kuzaliwa kumkumbuka mama aliyemzaa. Nilipoelezwa hayo mara ya kwanza niliiona ile kamba ya mwani ya nyumbani kwa macho mengine.

Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini, na nitaswali wapi?

Utakula, ukijipanga. Nguruwe yumo mahali pengi kuliko unavyodhani: gimbap ya kawaida huwa na nyama ya nguruwe ya kusindikwa (ham) ndani, tambi za supu nyingi mchuzi wake ni wa mifupa, na mvinyo wa kupikia hutiwa kwenye nyama. Kimchi haina nyama ila mara nyingi ina dagaa au uduvi waliochachushwa. Jifunze kusema “dwaejigogi ppae juseyo”, naomba bila nguruwe, lakini ujue mpishi anaweza kuondoa nyama akakubakizia mchuzi. Samaki wa kuchoma, vyakula vya pwani na chakula cha mahekalu ya Kibuddha, kisichokuwa na nyama kabisa, vitakuokoa.

Kituo chako ni Itaewon. Msikiti Mkuu wa Seoul uko juu ya kilima pale tangu 1976, na njia ya kuupandia imezungukwa na mikahawa ya halali, maduka ya nyama na ya viungo. Nenda Ijumaa. Utakuta watu kutoka Uzbekistani, Pakistani, Indonesia na Afrika, na baada ya swala mtu atakuonyesha wapi kuna pilau. Uwanja wa Incheon una vyumba vya kuswalia, na kisiwa cha Nami nacho kina chumba. Kwingineko beba msala mwepesi na uombe kona, huwa wanakubali.

Na Mkristo?

Huna tabu. Makanisa ni mengi mno, usiku utaona misalaba mekundu ya taa juu ya majengo mji mzima. Kanisa kuu la Myeongdong, la Kikatoliki, lilikamilika 1898. Kanisa la Yoido Full Gospel ni miongoni mwa yenye waumini wengi zaidi duniani. Ukitaka kuujua moyo wa Wakristo wa Korea, amka alfajiri uende kwenye maombi yao kabla jua halijachomoza.

Makasri ya kifalme yapo mengi. Niende lipi?

Seoul ina matano. Gyeongbokgung, lililojengwa 1395 mwanzoni mwa enzi ya Joseon, ndilo kubwa na ndilo unaloliona kwenye tamthilia. Zamu ya walinzi hubadilishwa langoni saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Hufungwa Jumanne, na Changdeokgung hufungwa Jumatatu, kwa hiyo panga siku zako. Kama una nafasi ya moja tu, nakushauri Changdeokgung, lililojengwa 1405. Limefuata mkunjo wa kilima badala ya kukilazimisha, na bustani yake ya nyuma ina madimbwi na vibanda ambako wafalme walikuwa wakisoma na kutunga mashairi. Bustani hiyo ina tiketi yake ya pembeni na idadi ya watu kwa zamu, nunua mapema.

Kuvaa hanbok, vazi lao la jadi, nikiwa mgeni, si dharau?

Hapana. Wanafurahi, kama sisi tunavyofurahi mgeni akifunga kanga harusini. Maduka ya kukodisha yamezunguka Gyeongbokgung, na aliyevaa hanbok haingii kwa kulipa kwenye makasri hayo. Ukubwa wote upo, na ushungi unakaa nayo vizuri kabisa. Mwambie anayekuvalisha akufundishe fundo la mbele, otgoreum, ulifunge mwenyewe. Usilikanyage vazi matopeni na usilaze mgongo kwenye nyasi kwa ajili ya picha.

Bukchon, ule mtaa wa nyumba za kale, unafaa?

Ni mzuri, lakini ni mtaa wa watu. Wakazi wameteseka kwa wageni wanaochungulia madirishani na kuburuta masanduku usiku, wengi wakahama. Sasa sehemu yake yenye msongamano ni ya wageni kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni tu, na tangu Machi 2025 anayevunja sharti anatozwa won 100,000. Mtu wa Mji Mkongwe au Lamu anajua uchungu wa mgeni kusimama barazani kwako na kamera. Pita kimya.

Nitoke Seoul? Nina siku kumi tu.

Toka, tafadhali. Anayekaa Seoul siku zote kumi anarudi na picha za mji ambao nusu yake ni vioo.

Gyeongju ilikuwa makao makuu ya Silla kwa karibu miaka elfu moja, na makaburi ya wafalme yamebaki kama vilima vya nyasi katikati ya mji, watu wanapita na baiskeli pembeni yake. Karibu na hapo ni hekalu la Bulguksa. Jeonju ndiko nyumbani kwa bibimbap, na mtaa wake wa hanok, nyumba za jadi, una vyumba vya kulala sakafuni juu ya ondol, sakafu inayopashwa joto kwa chini. Viatu huachwa mlangoni, jambo ambalo mtu wa pwani hahitaji kufundishwa. Andong ina kijiji cha Hahoe na ngoma yake ya vinyago inayowasema wakubwa na watawa bila woga.

Katika hekalu la Haeinsa, mlimani, wametunza mbao zaidi ya 81,000 zilizochongwa maandiko ya Kibuddha katika karne ya 13. Ghala lake halina mashine yoyote ya kupoza: madirisha ya ukubwa tofauti huongoza upepo, nazo mbao zimesalia. Mahekalu mengi huruhusu wageni kulala usiku mmoja au zaidi katika mpango wa Templestay ulioanza 2002. Utaamshwa kabla ya alfajiri, utakula kimya na kusafisha bakuli lako bila kubakiza punje. Mwenye dini nyingine hatakiwi kusujudu, anaweza kukaa na kutazama.

Kisiwa cha Jeju ni zaidi ya saa moja kidogo kwa ndege kutoka Gimpo, uwanja mwingine wa Seoul. Nenda ukawaone haenyeo, wanawake wanaozamia chaza na kombe bila mtungi wa hewa, wengi wao wakiwa bibi wa miaka sitini na sabini na zaidi. Wakiibuka hutoa mluzi mrefu wa pumzi unaoitwa sumbisori. UNESCO iliutambua utamaduni wao 2016. Aliyekulia kuona mama zetu wakifuata pweza na kombe maji yanapokupwa atasimama pale muda mrefu.

Na Mwafrika asiache Chuncheon, safari fupi ya treni kutoka Seoul. Askari wa Ethiopia wa kikosi cha Kagnew walipigana Korea katika vita vya 1950 hadi 1953, na mji huo una ukumbusho wao ambao Mfalme Haile Selassie mwenyewe aliutembelea 1968. Baadaye kula dakgalbi, kuku wa pilipili anayekaangwa mezani.

Naweza kuuona mpaka wa Kaskazini?

Unaweza, kwa ziara ya kundi na pasipoti mkononi. Utaona handaki la tatu kati ya yale yaliyochimbwa na Kaskazini chini ya mpaka, lililogunduliwa 1978, na kituo cha Dora cha kutazamia ng'ambo. Panmunjom yenyewe, pale mpakani askari wa pande mbili wanapotazamana, hufungwa na kufunguliwa kulingana na hali. Punguza utani ukiwa kule. Vita vilisimamishwa Julai 1953 bila mkataba wa amani, na mzee aliyesimama pembeni yako anaweza kuwa anatazama upande alikozaliwa.

Bafu za umma ni kweli watu wanaoga uchi?

Kweli, wanawake kwao na wanaume kwao. Sehemu ya pamoja ya jjimjilbang, yenye vyumba vya joto, watu huvaa fulana na kaptura wanazopewa. Kama stara yako haikuruhusu bafu, uliza kama unaweza kutumia sehemu ya pamoja pekee. Ukiingia bafuni, oga kwa sabuni kabla ya kuingia kwenye bwawa.

Watanionaje mimi mtu mweusi?

Nitasema wazi. Utatazamwa, zaidi nje ya Seoul, na bibi fulani anaweza kugusa misuko yako bila kuomba. Mara nyingi ni mshangao, na “annyeonghaseyo” moja huugeuza kuwa tabasamu. Lakini ubaguzi upo: klabu zinazokataa wageni, kiti cha pembeni yako kinachobaki wazi. Usijiambie umeota. Ukihitaji watu wako, nenda Itaewon au mtaa wa Bosan-dong huko Dongducheon, kuna Waafrika wenye maduka, mikahawa na saluni za kusuka. Na hao hao Wakorea watakushangaza: mtu uliyemuuliza njia ataacha shughuli yake akufikishe mlangoni.

Nijifunze Kikorea kabla?

Jifunze herufi angalau. Hangeul ilibuniwa na Mfalme Sejong 1443 na kutangazwa 1446 ili watu wa kawaida wasome, maana kabla ya hapo waliandika kwa herufi za Kichina zilizowashinda wengi. Zipo 24 za msingi, na wiki moja inatosha. Msemaji wa Kiswahili ana nafuu: nao hupachika irabu kwenye maneno ya kigeni kama sisi. Basi ni “beoseu”, aiskrimu ni “aiseukeurim”. Ukisoma ubao kwa sauti, maneno mengi utayatambua. Usiandike jina la mtu kwa wino mwekundu, wanaliona la msiba.

Nikipata shida?

Polisi 112, zimamoto na gari la wagonjwa 119. Namba 1330 ni ya kuwasaidia watalii kwa Kiingereza na lugha nyingine. Wizi ni mdogo mno, watu huacha simu mezani wakaenda kuagiza kahawa. Hatari ya kweli ni pikipiki za kupeleka chakula zinazopanda njia ya miguu.

Nikialikwa nyumbani kwa mtu, nibebe zawadi gani?

Kahawa ya Kilimanjaro au ya Kenya iliyokwisha kukaangwa na kufungwa vizuri, au majani ya chai. Toa kwa mikono miwili. Pengine hawataifungua mbele yako, wataiweka pembeni kwa heshima. Kwa mama mwenye nyumba, kanga ndiyo zawadi inayokumbukwa, ila chagua jina lake kwa makini, isiwe ya mafumbo ya ukewenza. Atauliza maandishi yale yanasemaje, na mtoto wake atafungua simu kutafsiri, nayo simu itashindwa. Andika maana yake kwa Kikorea kwenye karatasi kabla hujaondoka nyumbani, uikunje ndani ya kanga.